Fumbo na Giza Katika Mashairi

(Haya ni maneno ya hotuba iliyotolewa na mfasiri mmoja wa Serikali mbele ya mkutano wa walimu na wapenzi wa mashairi. Tumeyachapa karibu yote, kwa kuwa wasomaji wetu wengi hutuletea mashairi, na wengine wengi hutuandikia kulalamika kwamba hawayaelewi.)



Nimeombwa niseme juu ya jambo lililogombanisha watu wenye elimu kunishinda mimi. Shairi likiwa gumu kueleweka, kosa ni la nani? Ni la mtungaji, au ni la msomaji? Kabla sijamtaja mshairi yeyote, niwieni radhi nianze na ng'ombe.

Kazi yangu, kama mjuavyo, ni kufasiri. Matangazo, sheria, maonyo juu ya magonjwa ya mimea na ya wanyama, yote hufika mezani pangu kwa Kiingereza, na yapasa yatoke kwa Kiswahili ambacho mtu wa Kisii na mtu wa Malindi wataweza kukisoma bila kuulizana. Siku zile nilipokuwa mgeni katika kazi hii nilikuwa nimelewa mashairi. Nilikuwa nimetoka Mombasa, nimejifunza maneno ya Kipwani mengi, na kila neno nililojifunza nilitamani kulivaa kama kijana avaavyo kofia mpya. Basi likaja tangazo la chanjo ya ng'ombe katika wilaya moja ya bara. Kiingereza chake kilikuwa wazi kabisa: ng'ombe wenye mimba wasiletwe. Neno "mimba" nikaliona ni la kila siku, halina heshima. Nikaandika: "Ng'ombe wenye himila wasiletwe."

Himila ni neno zuri, lenye asili ya Kiarabu. Maana yake ni mzigo, na kwa sababu hiyo ni mimba pia. Lakini katika wilaya ile sidhani walikuwako watu watatu waliolijua. Tangazo likabandikwa sokoni na penye josho. Watu wakalisoma, wakashauriana, wakakata shauri kwamba himila ni jina la ugonjwa. Kila mtu akawatazama ng'ombe wake kwato na pua, akawaona wazima, hawana himila hata kidogo, akawaleta wote. Daktari wa mifugo aliwatambua wenye mimba wengi akawarudisha, na wenyewe walikuwa wamewaswaga tangu jogoo la kwanza. Wengine hakuwatambua. Mzee mmoja, ng'ombe wake alitupa mimba siku chache baadaye. Alikuwa na ng'ombe wawili tu.

Mzee huyo alifunga safari akaja afisini kunitafuta. Hakupiga kelele. Aliketi, akaweka fimbo yake magotini, akaniuliza, "Mwanangu, neno lile ulilitoa wapi?" Nikamweleza. Akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Kumbe ulikuwa na ufunguo, ukafunga mlango, ukautia mfukoni, nasi tuko nje na mvua inanyesha."

Sikuwa na la kujibu, wala leo sina. Lakini lililonishangaza lilifuata. Nilipompa chai, na tulipogundua kwamba wazazi wangu hawakai mbali sana na kwao, uso wake ulikunjuka, akanitegea kitendawili. Akasema, "Nilimzika mtu akiwa uchi, akanirudia amevaa nguo nyingi." Nikafikiri muhogo, nikafikiri kivuli, nikafikiri hata habari za dini nilizofundishwa misheni. Nikashindwa. Akadai mji, kama ilivyo desturi. Nikampa Mombasa. Akaukataa, akasema una joto. Nikampa Nakuru, akaupokea, akakaa ndani yake kwa maringo kidogo, kisha akanipa jibu: punje ya hindi.

Sasa tazameni. Mzee yule aliyetembea saa nyingi kunilaumu kwa sababu ya neno moja la giza, ndiye yeye aliyenifumbia fumbo, na kushindwa kwangu kulimfurahisha. Hakuona kwamba anajipinga, nami sidhani kwamba alijipinga. Kitendawili kina sheria yake. Anayefumba hutangaza kwamba anafumba, na msikilizaji hukubali kwa kusema "tega". Jibu lazima liwepo, na liwe kitu ambacho msikilizaji amekiona kwa macho yake. Akishindwa hutoa mji, na akiisha kutoa mji, mfumbaji hana ruhusa ya kuondoka na jibu lake. Tangazo langu lilivunja sheria hizo zote. Sikusema kwamba nafumba, sikutaja jibu, wala sikumpa mtu nafasi ya kutoa mji. Mwenye ng'ombe alitoa ndama wake.

Nimelisimulia jambo hili kwa urefu kwa kuwa tangu siku ile nimeacha kuuliza kama shairi ni rahisi au ni gumu. Nauliza kama mtungaji ameishika ile sheria ya mji.

Lakini lazima kwanza tuondoe njiani ugumu wa namna moja ambao kwa kweli si kosa la mtu yeyote. Nilipofika Mombasa mara ya kwanza nilipanga chumba katika Mji wa Kale, kwa bibi mmoja mtu mzima. Asubuhi ya kwanza aliniita kutoka uani, "Ndoo, mwanangu!" Nikaingia jikoni, nikatafuta ndoo ya maji, nikampelekea. Alicheka mpaka akaketi chini. Kwa Kimvita, "ndoo" ni "njoo".

Mimi nilikuwa nimepata daraja nzuri ya Kiswahili shuleni. Nikamwonyesha kitabu changu cha mashairi ya Kimvita, nikaanza kumsomea, kwa maana yeye herufi za Kizungu hakuzisoma. Nilipofika ubeti mmoja akanisimamisha. Nilikuwa nimelisoma neno "kuteka" kama linavyosomwa bara, yaani kuteka mateka, nikajenga picha kubwa ya vita. Kumbe kuteka kule ni kucheka. Ubeti wote ulikuwa wa kicheko, nami nilikuwa nimeujaza damu. Akanifahamisha kwamba ulimi wa Mvita una t mbili, moja hugusa meno na moja hugusa ufizi, na mwenyeji hazichanganyi. Maandishi yetu yana t moja tu. Basi akalichukua lile shairi katika kumbukumbu yake, maana alilijua kwa moyo, akaliimba. Nilipolisikia likiimbwa niliona aibu, kwa kuwa lilikuwa jepesi. Halikuwa na giza lolote. Mimi ndiye niliyekuwa nje ya nyumba, nikichungulia dirishani na kusema kwamba ndani hakuna taa.

Mwajua jambo hili lilivyotokea. Mwaka wa 1928 mkutano uliofanyika Mombasa kwenyewe ulichagua Kiunguja kuwa msingi wa Kiswahili cha shule na vitabu vya Afrika ya Mashariki, na mwaka wa 1930 ikaundwa halmashauri ya kuilinda lugha hiyo. Uamuzi huo ulikuwa na manufaa makubwa. Mimi nala mkate wangu kwa ajili yake. Lakini hazina ya mashairi ya kale haikutungwa kwa Kiunguja. Ilitungwa Pate, Lamu, Siu na Mombasa, kwa Kiamu na Kimvita, ikaandikwa kwa herufi za Kiarabu, na zaidi ya yote ikaimbwa. Mtoto wa bara akafundishwa "macho" na "njia", kisha siku ya mtihani akawekewa "mato" na "ndia" mbele yake, akaambiwa, "Hii ndiyo lugha yako, mbona huielewi?" Hapo si mshairi aliyekosa, wala si mtoto. Dawa yake ni sherehe nyuma ya kitabu, na mwalimu mwenye subira. Wahariri wa diwani zetu watunze sherehe kama watunzavyo mashairi yenyewe. Nimeona vitabu vilivyochapwa upya na sherehe ikakatwa ili kupunguza karatasi. Huko ni kuuza kufuli bila ufunguo.

Sasa nije kwenye fumbo lenyewe. Wengi wetu tunamjua Muyaka bin Haji, aliyeishi Mombasa mpaka kiasi cha mwaka wa 1840. Aliishi katika siku za Wamazrui, waliposhindana na Seyyid Said, hata mwaka wa 1837 Seyyid Said alipoutwaa mji. Muyaka alitunga juu ya vita hivyo, na juu ya mapenzi, njaa, marafiki wasio na imani, na bei ya vitu. Watu husema kwamba yeye ndiye aliyelitoa shairi msikitini akalipeleka sokoni. Basi jiulizeni: mtu wa sokoni, atungaye kwa watu wa soko, kwa nini mashairi yake mengine leo ni magumu namna ile?

Ni kwa sababu yalikuwa na siku yake na watu wake. Ubeti mmoja waweza kutaja chombo kilichopasuka, au mnazi, au mwanamke mwenye kiburi, na Mombasa nzima ikajua asubuhi ile ni nani anayepigwa. Ufunguo haukuwa ndani ya shairi, ulikuwa njiani, katika mazungumzo ya watu. Watu wale walipokufa, ufunguo ungelizikwa pamoja nao. Kama haukuzikwa wote, shukrani kubwa tuwape watu wawili. Mmoja ni Mwalimu Sikujua bin Abdallah wa Mombasa, na mwingine ni mmisionari W. E. Taylor, aliyekuwa Mombasa katika miaka ya 1880 na 1890. Sikujua aliyakusanya mashairi yale kutoka kwa waliokuwa wakiyakumbuka, akaeleza pia maana ya maneno. Diwani yake ikachapwa Johannesburg mwaka wa 1940 chini ya mkono wa William Hichens, karibu miaka mia baada ya Muyaka kufa. Mwaka wa 1979 Mohamed Abdulaziz alitoa kitabu kingine juu yake, akarudisha mashairi mengi katika habari za siku zake.

Nasisitiza kazi ya Sikujua kwa kuwa husahauliwa. Twawasifu watungaji, na wakusanyaji twawaweka katika utangulizi kwa herufi ndogo. Lakini bila mtu kama huyo, fumbo la Muyaka leo lingekuwa giza tupu, na msomaji angekuwa na haki ya kulitupa. Fumbo halibaki fumbo milele kwa nguvu zake lenyewe. Lahitaji mtu wa kubeba ufunguo kutoka kizazi hiki mpaka kile.

Tena kuna fumbo la hatari, na hilo sitaki mtu alilaumu. Nyote mmesikia kisa cha Fumo Liyongo, kama alivyokisimulia Muhammad Kijumwa wa Lamu katika utendi wake wa mwaka wa 1913, na kama wazee walivyokisimulia kabla yake. Liyongo yumo kifungoni. Chakula aletewacho na mjakazi Saada, kilicho kizuri huliwa na walinzi. Akamtuma Saada kwa mama yake kwa maneno ya wimbo. Mama akaoka mkate mzuri, na mkate wa wishwa wenye tupa ndani yake. Walinzi wakala mkate mzuri, ule wa wishwa wakamwachia mfungwa kwa dharau, naye akaikata minyororo yake usiku ngoma zikilia. Mimi huona kwamba shairi la fumbo ni kama mkate ule wa wishwa. Kwa nje halitamaniki, na mlinzi halitaki. Lakini angalieni, mama alielewa. Kama Liyongo angalifumba mpaka mama naye asielewe, angalifia gerezani, nasi tungalikuwa na wimbo mzuri na maiti.

Wala hayo si ya kale tu. Mwaka wa 1968 kijana wa Mombasa, Abdilatif Abdalla, alitoa karatasi iliyouliza Kenya inakwenda wapi. Kwa ajili hiyo alifungwa miaka mitatu, mpaka mwaka wa 1972. Gerezani alitunga kwa siri, akiandika juu ya karatasi za chooni. Mashairi hayo yalichapwa mwaka wa 1973 kwa jina la Sauti ya Dhiki, na mwaka wa 1974 yakapewa Tuzo ya Jomo Kenyatta, jina la Rais yule yule ambaye katika utawala wake mtungaji alifungwa. Humo mna shairi juu ya mamba. Ukitaka, ni mnyama wa mtoni. Ukitaka zaidi, wajua kwamba mtu aliye katika chumba cha peke yake hakuwa akisumbuliwa na mnyama wa mtoni. Mna tena mabishano ya ndugu wawili juu ya mnazi mmoja, ni nani mwenye haki ya kuupanda na kula nazi zake. Mtoto wa shule huyafurahia kama ugomvi wa ndugu, na baba yake huyasoma akatazama huku na huku. Kimvita chake kina maneno magumu, lakini fumbo lake limeshika sheria ya mji. Jibu liko, nalo liko mahali ambapo msomaji amewahi kukanyaga.

Sasa niseme lile ambalo huenda likawaudhi wengine walioko hapa. Liko giza ambalo si fumbo. Nalifahamu kwa sababu nililitengeneza kwa mikono yangu miaka mingi. Twajua kanuni za vina na mizani. Marehemu Sheikh Amri Abedi alizipanga vizuri katika kitabu chake cha mwaka wa 1954, na vijana wengi wa bara, mimi nikiwa mmoja wao, tulijifunza kutunga kwa kitabu hicho. Hizo kanuni hazina neno. Lakini mtungaji mvivu hukuta mizani imezidi, akalikata neno miguu, akaiita inkisari. Akikuta imepungua hulivuta kama mpira, akaiita mazida. Akikosa kina hufungua kamusi, akatoa neno la Kiarabu ambalo hajapata kulisikia kinywani mwa mtu, akalitia mwishoni mwa mstari. Msomaji akiuliza maana, huambiwa kwamba hakusoma vya kutosha. Washairi wakubwa nao walikata maneno na kuyavuta, sikatai. Walifanya hivyo kwa kuwa walikuwa na jambo la kupitisha mlangoni, mlango ukawa mwembamba. Sisi wengine tulibeba mlango mtupu.

Kipimo changu ni hiki, nami najipima nacho kwanza. Mwambie mtungaji alieleze shairi lake kwa maneno ya sokoni, huku mkinywa chai. Muyaka angeweza. Yule bibi yangu wa Mji wa Kale aliweza kwa shairi ambalo si lake. Mimi nilipojaribu kwa mashairi yangu thelathini, niliweza kwa manne. Yale ishirini na sita nikayachoma, isipokuwa moja ambalo mke wangu alilificha kwa kuwa limemtaja.

Mtaniuliza, je, mashairi mapya yasiyo na vina? Mwaka wa 1974 Euphrase Kezilahabi, mzaliwa wa Ukerewe, alitoa diwani yake Kichomi, akaeleza kwamba anataka kutumia lugha ya kawaida, ile ambayo watu huzungumza kila siku. Wengine walimfuata, na Mulokozi na Kahigi wakaitetea njia hiyo mwaka wa 1979. Wazee wa vina waliwaka. Walisema hayo si mashairi, ni insha zilizokatwa vipande. Sitaingia katika ugomvi ule, umekwisha kula wino mwingi. Nitasema niliyoyaona tu. Katika Kichomi sikukuta neno hata moja la kufungulia kamusi, lakini mara mbili tatu nilifika mwisho wa shairi nisijue nimepelekwa wapi. Na Inkishafi, ambalo karibu kila mstari wake ulinishinda, sikuliacha. Kwa nini?

Nilifikiri juu ya swali hilo siku nyingi, na jibu nililipata mahali nisipolitarajia.

Shuleni misheni tulisomeshwa sehemu za Al-Inkishafi, utungo wa Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir juu ya kuanguka kwa Pate. Mwalimu wetu naye alikuwa mtu wa bara, hakuyajua maneno mengi kuliko sisi. Alichofanya ni kututaka tuyaghani kwa pamoja kila Ijumaa, wavulana arubaini, mpaka tukayashika kwa moyo. Tuliimba habari za nyumba za fahari za matajiri, na zidaka za ukutani zilizopangwa vyombo, ambazo sasa zimekuwa makao ya ndege na popo. Hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kuona kidaka. Kwetu kuta ni za udongo, na vyombo vyetu vilikuwa sufuria mbili na birika. Tuliimba kama kasuku, tukafaulu mtihani, tukasahau.

Miaka kumi na zaidi ikapita. Baba yangu akafariki. Mama alikuwa amemtangulia, na sisi watoto tulikuwa tumetawanyika kwenye kazi za mijini, hata nyumba ikafungwa. Nilirudi baada ya mwaka mmoja kutazama mabati. Niliposukuma mlango wa jiko, popo walitoka juu ya kichwa changu. Juu ya ile rafu ya mbao, baba alipokuwa akiweka saa yake na Biblia, ndege alikuwa amejenga kiota. Nikasimama pale, na mdomo wangu ukaanza kughani wenyewe. Ubeti baada ya ubeti ulitoka, mzima, kwa sauti ya wavulana arubaini, na kila neno ambalo sikulielewa shuleni lilikuwa limesimama mbele yangu. Zidaka nilikuwa naziona. Pate nilikuwa ndani yake. Hakuna aliyenifasiria.

Ndiyo maana sikubali tena kwamba shairi lazima lieleweke siku ile ile lisomwapo. Laweza kungojea. Lakini litangojea wapi? Lazima limpe mtu kitu cha kushika wakati wa kungojea: sauti, mwendo, kina kinachovuta kina, picha isiyotoka machoni. Mwana Kupona binti Msham alijua jambo hili alipomtungia binti yake wasia mwaka wa 1858, kwa mizani minane ya utendi inayokaa kinywani kama hatua za mtu atembeaye. Wanawake wa Pwani wameushika wasia huo kwa moyo kizazi kwa kizazi, na mtoto wa miaka minane anayeuimba hajui bado nusu ya mambo anayoonywa. Atayajua. Shairi limekwisha kukaa ndani yake, linamngojea.

Hilo ndilo shtaka langu dogo juu ya baadhi ya mashairi mapya, wala si kukosa vina. Yakikufungia mlango hayakuachii kitu mkononi, unakifunika kitabu na yote yamekwisha. Si yote yalivyo hivyo. Yamo mengine ya Kezilahabi yenye picha kali ambayo hunijia nikiwa barabarani, nami nasadiki siku moja yatafunguka. Na hilo ndilo shtaka langu kubwa juu ya mafundisho yetu ya mashairi. Tunamwandikia mtoto ubeti ubaoni, tunamwambia kabla hajausikia, "Eleza maana kwa maneno yako mwenyewe." Hajapewa sauti, hajapewa siku, tunamdai mji kabla ya kumtegea kitendawili. Nawasihi walimu mlioko hapa: watoto waghani kwanza. Maana isipopatikana Ijumaa hii, si hasara.

Kuhusu matangazo, Bwana Mwenyekiti, huko hakuna kungojea. Mimi sasa naandika "mimba".

Nimeona saa inanisuta, lakini nadhani mwataka kujua habari za yule mzee. Nilikutana naye tena mwaka uliofuata, siku ya soko, anaswaga mtamba mwekundu mwenye baka jeupe usoni. Nikamwamkia, nikamsifia mnyama wake, nikamwuliza jina lake. Akanitazama kitambo.

"Huyu anaitwa Himila," akasema. "Na mwezi ujao atazaa. Neno lako hapa sasa kila mtoto analijua."